Mkataba Ambao Imke Hakuusoma

Bwana Ulferts alikuwa anasoma mbio mbio bila kupumzika, kama mtu anayewahi treni, na Imke Borchers alikuwa hasikii hata neno moja. Akili yake yote ilikuwa kwenye mkono wa Onno. Chini ya meza, mahali ambapo mama mkwe wake mtarajiwa hangeweza kuona, kidole gumba cha Onno kilikuwa kinapita juu ya vifundo vya mkono wake, kimoja baada ya kingine, taratibu, halafu kinarudi. Harusi ilikuwa baada ya siku tisa. Jamani, nani angesikiliza vifungu?

Lakini ilibidi visomwe. Kwao sheria haina mzaha katika jambo hilo. Mkataba wa ndoa hutiwa saini mbele ya notari, mwanasheria wa kuthibitisha hati, naye lazima ausome wote kwa sauti mbele ya wenyewe, tangu tarehe hadi nukta ya mwisho, hata kama wanaosomewa ni mawakili wawili. Ndivyo walivyokuwa Imke na Onno. Imke wa Oldenburg, Onno wa Aurich, na siku hiyo wamekutana katikati, mjini Leer, ofisini kwa notari wao, mzee Ulferts, mvua nyepesi ikigonga dirisha na chai ikiwa kikombe cha pili.

Mkataba wenyewe ulikuwa sharti la mama yake Onno. Bi Hilke Ennenga alikuwa anamwachia mwanawe shamba. Ng'ombe waliuzwa zamani na malisho yamekodishwa kwa jirani, lakini nyumba ya matofali mekundu na ardhi iliyoizunguka vilikuwa vya akina Ennenga tangu babu wa babu, na Bi Hilke alishasema wazi: ardhi hiyo haijawahi kukatwa vipande kwa ajili ya talaka ya mtu, na haitaanza wakati wake. Imke hakukasirika. Mikataba ya namna hiyo alishaiandika kwa wateja mara nyingi mno. Ukurasa mmoja ungetosha: shamba libaki nje ya mali ya kugawana, basi, twendeni tukale keki.

Onno alijitolea kuandika rasimu. Alimtumia Imke kwa barua pepe siku kumi na sita kabla, na Imke hakuifungua. Alifanya hivyo kwa makusudi, na alijisifia.

"Mimi nashinda nikisoma mikataba ya watu," alimwambia Onno kwenye simu siku ile. "Huu wetu siusomi. Nitausikia siku yenyewe, mkono wangu ukiwa mkononi mwako. Ndiyo zawadi yangu ya harusi kwako. Nakuamini."

Onno aliuliza: "Hutausoma kabisa?"

"Kabisa."

"Sawa, mpenzi," alisema.

Sasa Bwana Ulferts alifika kifungu cha kumi na moja, na kwa mara ya kwanza tangu saa nne kamili akapunguza mwendo.

"Endapo mke atakubali kazi katika mji ulio mbali na shamba kwa zaidi ya kilomita themanini, na kuhamishia makazi yake huko bila idhini ya mume ya maandishi, atakuwa amejiondolea haki yoyote ya kudai matunzo iwapo ndoa itavunjika."

Kidole gumba cha Onno kikasimama.

Imke aliinua uso. Mji ulio mbali. Kukubali kazi. Masika yaliyopita kampuni kubwa ya mawakili ya Hamburg ilimwita akawe mkuu wa mafunzo, awafundishe mawakili wake kutumia akili mnemba katika kazi. Habari hiyo alimwambia mtu mmoja tu duniani, ndani ya gari, wakitoka kununua samaki. Mtu huyo alisema "hongera," akawasha redio. Wiki iliyofuata Imke aliwaandikia Hamburg kwamba hatakuja.

"Hapa lazima nisimame," Bwana Ulferts alisema, akivua miwani. "Kazi yangu si kusoma tu. Natakiwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho mnachokitaka nyote wawili. Bi Borchers, kifungu hiki na sita vinavyofuata vinakubana wewe peke yako. Niliwaandikia nyote wawili kuhusu jambo hili."

"Mimi ile barua sikuifungua," Imke alisema. Mashavu yalimwaka moto. Wakili mzima!

"Bwana Ennenga alinijibu kwamba mmeshakubaliana."

Imke aliutoa mkono wake chini ya meza.

"Endelea, Bwana Ulferts," alisema. "Nisomee hivyo sita."

Alisomewa. Kama mke kwa hiari yake atakataa kupata mtoto. Kama mke atakaa mbali na nyumba ya ndoa zaidi ya siku sitini kwa mwaka. Kama mke ndiye atakayeomba talaka kwanza. Kila kifungu kilikuwa safi, kimenyooka, hakina neno la ziada, na kila kimoja kilifunga mlango mmoja. Uandishi huu aliujua: ulikuwa wa akili mnemba. Ilikuwa kazi yake kuujua. Kwa zaidi ya miaka minne alikuwa anakaa na mawakili wa kila umri akiwaambia maneno yale yale: mashine haijui kumchukia mtu, wala haijui kumwogopa mtu, ukikuta rasimu imejaa hofu, mtafute aliyeiagiza.

"Naomba dakika ishirini," alisema. "Mimi na Onno."

"Kwani kuna nini tena?" Bi Hilke aliuliza, kikombe kikiwa hewani. Alikuwa mama mnene wa miaka sabini, amevaa koti lake la kanisani. "Si karatasi tu hizi? Mimi marehemu aliponioa tulisaini, tukaenda zetu kukamua."

"Karatasi tu, mama," Imke alisema. "Tunarudi sasa hivi."

"Huyu msichana wa kompyuta," Bi Hilke alimnong'oneza notari kwa sauti ambayo hata dereva wa lori nje angeisikia, "nilijua tu."

* * *

Walipewa chumba cha pembeni chenye makabati ya majalada, meza ndogo na dirisha linalotazama maegesho. Onno alifunga mlango, akaegemea. Alikuwa mrefu, nywele za rangi ya majani makavu, na macho yale ambayo miaka minne iliyopita yalimfanya Imke asahau alichokuwa anasema mbele ya watu thelathini. Leo yalikuwa yanatazama zulia.

"Uliiambia nini?" Imke aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Onno. Mashine. Uliipa maelekezo gani? Nionyeshe."

"Imke, hebu tukae kwanza..."

"Nionyeshe!"

Onno alitoa kompyuta yake ndogo mkobani, akaifungua, akaisukuma mezani kama anayesalimisha silaha. Imke alisoma akiwa amesimama.

*Wewe ni wakili wa mume. Mke ni mwanasheria hodari, ana kiu ya kupanda, ameitwa kazini Hamburg. Aliwahi kumwacha mchumba wiki sita kabla ya harusi. Nitajie njia zote anazoweza kumwacha mteja wangu. Kisha andika kifungu cha kuifunga kila njia.*

Alisoma mara mbili.

"Umeitajia habari za Ruben."

"Sikuandika jina lake. Wala lako. Wewe mwenyewe unafundisha tusiandike majina."

"Uliandika mimi!" Imke alipiga meza. "Jina uliacha, ukaweka moyo wangu wote humo! Lile jambo nilikwambia nikilia, Onno. Nililia kifuani kwako. Na wewe ukalihifadhi, ukaja kulitumia kama kielelezo cha kesi."

"Sijalitumia vibaya, nilitaka tu..."

"Ulitaka nini?"

"Ni wewe uliyefundisha!" Sasa Onno naye sauti ilipanda. "Semina ya Oldenburg, mimi nimekaa mstari wa pili, nimekutolea macho siku nzima. Ukasema mashine ni mwoga wa kukuudhi, itakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ukiiachia. Ukasema ipeni upande. Iambieni mabaya yote, iulizeni mteja wenu atapigwa wapi. Si maneno yako hayo?"

"Yangu. Halafu baada ya hapo nikasema nini?"

Onno alianza kuchezea kifungo cha shati.

"Nilisema nini, Onno? Mstari wa pili huo, ulikuwa unasikiliza au unatazama miguu yangu?"

"Vyote viwili," alisema Onno, na kwa nukta moja ya hatari wote wawili walikaribia kucheka.

Imke hakujiruhusu. "Nilisema kila itakachokuandikia hapo ni swali. Chukua orodha, nenda kwa watu wenyewe, uliza. Hii ni kweli? Hii unaitaka? Nusu ya orodha itakufa hapo hapo. Hiyo ndiyo kazi ya wakili, nyingine ni kuchapa. Wewe umechukua maswali saba ukayageuza vifungu saba, ukamwambia mzee Ulferts tumekubaliana. Tulikubaliana lini? Wapi? Nilikuwepo?"

"Mashine ndiyo iliyoviandika, Imke. Mimi nilikuwa..."

Akajikata mwenyewe, lakini neno lilishatoka. Hilo ndilo neno ambalo Imke hawezi kulivumilia kutoka kwa wakili wa mwaka wa kwanza, sembuse kwa mwanamume anayetaka kuzeeka naye.

"Rudia," alisema kwa upole wa kutisha.

"Samahani. Najua. Nimeandika mimi."

"Ahsante."

Alivuta kiti, akakaa, akafungua ukurasa mpya. Machozi yalikuwa karibu, na hakutaka kuyatoa katika chumba cha majalada. Alipokuwa na hasira Imke alifanya kazi. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utoto.

"Unafanya nini?"

"Nakuonyesha ilivyotakiwa. Kaa."

Alichapa haraka, akiyasema maneno kwa sauti: "Mume anapokea shamba kutoka kwa mama yake. Wachumba wote wawili wanafanya kazi. Wanataka mkataba wa haki kwa pande zote mbili. Usiandike kifungu chochote. Kwanza niulize yote usiyoyajua."

Maswali yakaanza kushuka kwenye kioo. Imke aliisukuma kompyuta mbele ya Onno.

"Jibu wewe. Wewe ndiye mwandishi."

Onno alijibu. Shamba ni la nani, lina deni au halina, mama atabaki na chumba chake au la. Hayo aliyajua kama kiganja chake, na vidole vyake vilienda bila kusita. Halafu akafika swali la sita, vidole vikasimama juu ya herufi.

*Mke mwenyewe anataka nini katika ndoa hii, na analotaka limetoka kinywani mwake?*

Mvua iliendelea. Huko maegeshoni mtu alikuwa anahangaika na mwavuli.

"Jibu," Imke alisema.

"Anataka..." Onno alikuna shingo. "Watoto wawili."

"Hilo lilisemwa na mama yako, siku ya Pasaka. Mimi nilikuwa natafuna."

"Anataka bustani ile ya nyuma, ya maua."

"Onno, bustani ni ya mama yako! Mimi hata kaktasi ilinifia ofisini!"

"Basi sijui!" Onno alisukuma kiti nyuma kwa kishindo. "Sijui, Imke! Nimekubali, sijui! Unadhani ni rahisi kukuuliza wewe? Ukiulizwa kitu unakitatua. Kabla mtu hajamaliza kusikitika, umeshapata jibu na umeshafunga jalada. Hamburg uliitatua kwa wiki moja. Ukanijia na habari kwamba umekataa, mezani, na mkate mkononi. Sikujua kama nimshukuru Mungu au nikuombe radhi."

"Ungeweza kuniuliza kama naitaka."

"Na ungesema kweli?"

Imke aliisukuma kompyuta pembeni.

"Niulize," alisema taratibu. "Niulize sasa."

Onno alimtazama. Macho yale. Imke aliyachukia wakati huo kwa jinsi alivyoyapenda.

"Unataka nini, Imke?"

"Nataka kwenda Hamburg." Sauti yake ilivunjika katikati ya jina la mji. "Niliitaka siku ile, na leo naitaka zaidi. Nilikwambia mle ndani ya gari ili useme twende, au useme usiende, au upige kelele, chochote! Ukawasha redio. Nikakataa ile kazi kwa ajili ya mtu aliyewasha redio. Na nakutaka wewe. Vyote viwili. Sasa andika hapo."

Onno hakuandika. Alikwenda dirishani, akasimama kumpa mgongo, na alipozungumza aliongea na kioo.

"Mimi nimeulizwa na nani?"

"Nini?"

"Unasema sikukuuliza. Haya. Mimi niliulizwa na nani kama nalitaka hili shamba? Mama alisema, nikaitikia. Wewe ulisema utausikia mkataba siku ya kusaini, nikaitikia." Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. "Nilikutumia ile rasimu siku kumi na sita zilizopita, Imke. Unajua nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja ukasirike. Kifungu cha kumi na moja nilikiacha makusudi. Nikasema akifika pale atanipigia simu, atanitukana, atasema mshenzi wewe, kumbe unajua Hamburg imenikaa rohoni! Na hapo tutaongea. Wewe unasoma kila kitu. Unasoma hadi maandishi ya nyuma ya tiketi. Nikawa nalala na simu."

Imke alishika ukingo wa meza.

"Lakini nilikwambia siisomi. Siku ile ile."

"Uliniambia baada ya mimi kuituma. Nikajua utashindwa kujizuia. Siku ya tatu hukupiga. Siku ya saba hukupiga. Mzee akaandika, na kwenye hilo pia hukujibu. Basi nikajiambia amesoma, ameona, na hajali. Amekubali kufungwa kwa sababu hana mpango wa kukaa. Nikamjibu mzee kwamba tumekubaliana. Nilikuwa nimechoka, Imke. Nilikuwa nimechoka kungoja."

"Ungeniambia kwa mdomo wako! Una mdomo, Onno!"

"Na wewe ungeufungua mkataba! Una macho!"

Walibaki wametazamana, kila mmoja anahema, meza ndogo katikati yao. Imke alitaka kumpiga. Alitaka pia kuizunguka ile meza, aweke paji la uso kwenye kola yake na kulia mpaka kieleweke. Zawadi yake ya harusi! Alimpa imani yake yote ikiwa imefungwa macho na masikio, akaona fahari, na mwenzake nje anagonga mlango kwa siku kumi na sita.

"Utakuja Hamburg?" aliuliza.

"Sijui." Onno alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mama yuko peke yake. Na mimi... sijui, kweli. Nikikwambia ndiyo sasa hivi nitakuwa nakudanganya, na nikisema hapana pia."

Lilikuwa jibu baya, na lilimuuma. Lakini lilikuwa lake Onno, halikuandikwa na yeyote, na Imke hakukumbuka mara ya mwisho kusikia moja kama hilo.

Mlango uligongwa. Bwana Ulferts alichungulia, miwani mkononi, na nyuma ya bega lake Bi Hilke alikuwa amejaza ukumbi na koti lake la kanisani.

"Samahani sana. Nina watu wengine saa tano na nusu. Tuendelee?"

"Hapana," Imke alisema.

"Hapana," Onno alisema papo hapo.

Bi Hilke alimsukuma notari pembeni, akaingia. Aliwatazama, mmoja baada ya mwingine: macho mekundu ya mwanawe, mikono ya Imke ukingoni mwa meza, kompyuta iliyoachwa wazi.

"Hapana nini?" aliuliza. "Hapana mkataba, au hapana harusi? Maana mimi nimeshaagiza keki."

Imke alimngoja Onno aseme, na akaona kwamba Onno anamngoja yeye, na kwamba wakiendelea hivyo watasimama humo hadi wazeeke.

"Mkataba, mama," alisema. "Kuhusu harusi hatujui. Bado hatujaongea."

"Hamjaongea?" Bi Hilke alitoa macho. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hapakuwa na dharau katika sauti yake, bali mshangao mtupu. "Miaka minne mko pamoja, mwanangu. Miaka yote hiyo mlikuwa mnafanya nini?"

Imke alimgeukia Onno. Alikuwa ameshaifunga ile kompyuta, na alikuwa anavuta kiti cha pili.